Gari Lililofukizwa Udi

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kutazama gari analotaka kununua. Mlango ulipofunguliwa nikapigwa na manukato, na papo hapo nikamkumbuka mama.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, baba alikwenda kwa muuza magari, mtaa wa Chumbageni, kutafuta gari la kubebea machungwa ya Muheza. Mimi na mama tulifuatana naye. Ndani ya gari mlikuwa mkinukia udi, kama chumba cha bibi harusi. Nikafurahi, nikidhani wamelifukiza kwa ajili yetu.

"Hiyo ndiyo bei ya mwisho, mzee, na wengine wanalitaka," alisema muuzaji, akimpangusia baba kiti.

Baba alikwisha kulegea. Mama akakusanya buibui lake, akaingia, akaamuru vioo vyote vifungwe, tukae humo na jua lile. Tulilowa jasho. Taratibu udi ukafifia, na chini yake ikapanda harufu ya papa mkavu na ya chuma kilicholiwa na chumvi.

Muuzaji akaanza kushusha bei kabla sisi hatujashuka.

"Mama, si wamelipamba kama bibi harusi?" nikauliza.

"Mwanangu," akasema, akifungua mlango, "hata maiti hufukizwa."