Albamu Chini ya Chungu cha Maua

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mzee Mathew Nyasani ni kitambaa cha manjano alichokipitisha juu ya CD zake, moja baada ya nyingine, kama muuguzi anayewapangusa wagonjwa. La pili ni waya wa redio yake ya CD: haukuwa na plagi. Alikuwa na albamu mia nne za muziki wa kila bara, na hakuwa na njia ya kusikiliza hata moja.

Alinipa kazi ya kuziorodhesha kwenye kompyuta. Ni karani mstaafu hapa mjini Kisii, na mgeni wake haonji chai kabla ya kulitazama kabati. Majina ya nchi huyatamka polepole, usije ukakosa silabi. Muziki wa Kisii haumo kabatini. Huo anauita kelele za walevi.

Siku ya tatu niliinua chungu cha maua dirishani, nikakuta albamu chini yake, ingali ndani ya plastiki. Wanamuziki walikuwa watatu: mpiga gitaa wa Norwe, mpiga ngoma wa Senegali, na Osoro wa Marani na obokano yake, kinubi cha nyuzi nane. Nyasani alikuwa ameisahau kabisa. Miaka kumi na minane iliyopita aliwapeleka wageni hao Marani kwa gari la ofisi, nao baadaye wakamtumia nakala kwa shukrani.

Osoro alikuwa baba yake Edinah, fundi wa cherehani anayeshonea barazani kwa Nyasani. Osoro alifariki, na nyumbani haikubaki sauti yake hata kidogo. Edinah aliwahi kumuuliza Nyasani mara mbili kama ana albamu yoyote ya baba yake, akajibiwa kwamba hapa si kilabu cha pombe.

Nilimwita. Nyasani akakataa kuifungua. Alisema ikishafunguliwa si mpya tena, na watu wa ng'ambo hutafuta mpya.

"Mzee, umemfungia baba yangu kwenye plastiki miaka yote hii," Edinah alisema. "Na bado unammwagilia maji."

Nyasani aliendelea kupangusa kifuniko. Ndipo Edinah alipolainisha sauti. Alimkumbusha kwamba mpiga obokano hamalizi wimbo kabla ya kuwataja waliomfaa.

"Aliyeleta gari atasahauliwaje?"

Plastiki ilichanika kabla sijaketi. Nilifunga plagi mpya; redio ikanguruma mara moja, ikazimika moja kwa moja.

Basi albamu itachezwa Jumamosi, Marani, nyumbani kwa kina Edinah, kwa redio ya kaka yake Lewis. Nyasani amenunua tai na kualika nusu ya kanisa waje wasikie jina lake. Wala hajui kama limo. Siku hizi husema daima aliupenda muziki wa kwetu.

Edinah hajali atatajwa nani. Amefua kitambaa cha meza itakapowekwa redio, na kila anionapo huniuliza kama Jumamosi ingali palepale.