Kitanda cha Mbwa Mlangoni pa Mama Mkwe

Kitanda chenyewe kilikuwa kikapu cha kuchumia majani chai. Kilikuwa kimezeeka, kamba moja imekatika, na mke wangu alikuwa amekiweka kando awashie moto. Nikakiokoa. Nikatandika gunia ndani, na juu ya gunia nikaweka sweta yangu ya Form Four, ambayo ilikataa kupita tumboni miaka mingi iliyopita lakini bado ina beji ya shule. Nikarudi nyuma hatua mbili nikakitazama. Bwenini sikuwahi kulala pazuri hivyo.

Mbwa wangu wa kahawia akakinusa, akaniangalia, kisha akaingia ndani ya nyumba akapanda kitandani kwetu.

Kosa lilikuwa langu, wala sikatai. Kwetu mbwa hulala nje, na mtu akikuta mbwa sebuleni anauliza kama kuna mgonjwa. Lakini huyu aliletwa akiwa mdogo, wiki ile mvua ya mawe ilipopiga chai yote ikabaki vijiti, na alikuwa akitetemeka hadi meno yanasikika. Nikasema alale ndani usiku mmoja tu. Usiku huo mmoja uliendelea miaka miwili. Mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu kwa wiki ni kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, na miguu yangu ina baridi ya kuzaliwa nayo. Tulielewana, mimi na yeye.

Ndipo mke wangu akaja na habari, akiwa anasugua mikebe ya maziwa.

"Mama anakuja. Anafanyiwa jicho Kericho. Atakaa kwetu mpaka daktari amalizane naye."

"Anakaribishwa," nikasema.

"Na akisikia mkwe wake analala na mbwa?"

Nikachukua mkebe mmoja nikaanza kuusugua pia.

"Kule kwa mama, Siongiroi, mbwa wao alikufa, na mbuzi hazina wa kuzilinda. Sasa sikia, baba watoto. Siku gari itamrudisha mama nyumbani, kama huyu mnyama wako hajajua kulala kwa kitanda yake, atapanda hiyo gari."

Alisema bila kupandisha sauti. Mke wangu akipiga kelele kuna nafasi ya kujitetea. Akisema polepole hivyo, jambo limeshapita bungeni.

Nikaanza masomo. Nilikiweka kikapu barazani pa jikoni, ukutani, pale joto la meko linapotoka. Kila jioni nilishika vipande vya ugali mfukoni na kusema, "Kitandani!" Alikuwa anaingia, anakula ugali, anatoka. Nasema tena. Anaingia, anakula, anatoka. Baada ya siku tatu nikaanza kushuku kwamba kati yetu wawili, anayefundishwa ni mimi.

Jirani yangu alikuwa anaegemea ua akitazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Mwalimu! Mwanafunzi amefika darasa la ngapi?"

"Anaendelea."

"Mtihani ni lini? Na wewe pia utafanya, ama ni yeye peke yake?"

Nilimwacha acheke. Wiki ya pili ilipofika, mbwa alikuwa anaenda mwenyewe giza likiingia, anajizungusha mara tatu juu ya beji ya shule, anajilaza na kupumua kwa nguvu kama mzee wa kanisa aliyepata benchi. Nilifunga mlango wa nyumba nikiwa na baridi miguuni na sifa kichwani.

Mama mkwe akaja siku hizo hizo, jicho moja limefunikwa plasta, shuka begani, na kibuyu kikubwa cha mursik, yale maziwa yetu lala, yaliyoganda na kutiwa mkaa. Kwa wasiojua niseme hivi: sisi Wakipsigis, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Siku hizi kuna vijana wanaopeana mikono, wamesoma. Mimi nimeishia Form Four. Tulisalimiana katikati kukiwa na nafasi ya kupita ng'ombe wawili, kila mmoja akiangalia chini. Akapelekwa nyumba ndogo ya nyuma, iliyokuwa ya watoto kabla hawajatawanyika. Pale alipolala sikuruhusiwa kukaribia, sembuse kuchungulia. Nikiwa na neno kwake, linapitia kwa binti yake.

Asubuhi ya pili, saa kumi na moja, nikienda kukamua, nilipitisha mkono kwenye kikapu nimsalimie mwanafunzi wangu. Hakuwepo. Na sweta ilikuwa baridi kama chai ya mgeni aliyechelewa.

Sweta iliyolaliwa usiku kucha ina joto lake. Hii haikulaliwa hata saa moja.

Mbwa akatokea upande wa nyumba ndogo, anapiga miayo. Hakuniangalia. Mbwa asiyekuangalia machoni alfajiri ana jambo. Nikamwinamia nikamnusa mdomo: maziwa lala, na mkaa.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na nyingine tena.

Nilianza kumshuku jirani, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu ningefurahi awe yeye.

"Huyu mbwa wangu hulali naye wewe?"

"Mimi? Mbwa wako sijamwona. Lakini wewe nimekuona asubuhi umeinama unanusa mbwa mdomo." Akashusha sauti. "Uko sawa, jirani? Kuna shida nyumbani?"

Basi nikaacha ya jirani nikaangalia pale macho yangu yalipokuwa yanakataa kuangalia. Ni nani mbwa wake alikufa? Ni nani mbuzi wake hawana ulinzi? Ni nani mwenye kibuyu cha mursik? Ni nani angefaidika kama masomo yangu yangeanguka kabla ya gari kuja? Majibu yote yalikuwa nyuma ya mlango mmoja, nao ulikuwa mlango pekee katika boma langu ambao siwezi kuugonga. Polisi akishuku nyumba, anatafuta karatasi kortini. Korti ya kunipa karatasi ya kuingia kwa mama mkwe haijajengwa.

Nikajaribu kwa binti yake, kwa ujanja.

"Mama analala vizuri?"

"Analala."

"Analala peke yake?"

Kijiko kikasimama ndani ya sufuria. "Umeuliza nini?"

"Nimeuliza kama… kama blanketi zinatosha."

Aliniangalia hadi nikakumbuka kwamba ng'ombe hawajapewa chumvi.

Jioni hiyo nikachota majivu mekoni nikayanyunyiza kuzunguka kikapu, membamba, kama unga wa kusukumia chapati. Asubuhi nikaja na tochi. Nyayo za mbwa zilikuwa zinatoka, zimetulia, bila haraka. Na kando yake kulikuwa na ndara. Ndara ya kushoto ilikuwa imekatika kisigino. Katika boma letu ni mtu mmoja tu anayevaa ndara iliyokatika kisigino na kukataa kununuliwa nyingine, na nilikuwa nimeoana naye.

Alinikuta nimekaa chini ya ng'ombe, ndoo tupu, tochi bado inawaka.

"Umeona majivu," akasema.

"Nimeona ndara."

Akakaa juu ya debe. "Ni mimi. Mama haoni vizuri na hilo jicho. Choo ni mbali na njia ina mawe. Usiku wa kwanza alikaa macho mpaka asubuhi, anaogopa kutoka. Kwake analala na wajukuu, chumba kimejaa. Hapa ni kimya tu. Nikampelekea mbwa. Anamshika shingo, wanaenda polepole, wanarudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema mkwe asije akasikia kwamba nyumba aliyompa inamwogopesha."

Nilijiona mdogo kuliko ndoo niliyoshika. Lakini aibu haikumaliza shuku yote, kwa maana zilibaki hesabu za gari.

"Sasa yale maneno yetu? Ya kitanda?"

"Yako pale pale. Analala kwa kitanda yake?"

"Wewe ndiye unamtoa!"

"Mimi sikusema nani anamtoa. Nilisema kama analala." Akainuka, akajipangusa. Nilimshuku alikuwa anacheka, lakini tayari alikuwa amenipa mgongo.

Ndipo akili ikanijia, na nikiona nimepata akili huwa nafaa kuzuiwa. Mama anahitaji mbwa. Mbwa anahitaji kulala kwenye kitanda chake. Hakuna aliyesema kitanda kikae wapi. Siku mama na binti yake walipoenda kliniki Kericho, nilibeba kikapu kwa mikono yangu miwili, nikakung'uta sweta majivu, nikakohoa mbali ingawa nyumba ilikuwa tupu, nikakiweka mlangoni pa nyumba ndogo, nikarudi kinyumenyume bila kuinua macho. Jioni kikapu kikaingizwa ndani.

"Amelala wapi?" nikamuuliza mke wangu asubuhi.

"Kwa kikapu."

"Usiku wote?"

"Mama anasema usiku wote."

Nilikwenda uani nikitembea kama mwalimu mkuu siku ya matokeo. Nikamweleza jirani yote: mtego, majivu, ndara, na jinsi nilivyolimaliza. Nilitarajia vicheko. Alivua kofia.

"Kikapu umekiweka wapi?"

"Mlangoni pa mama mkwe."

"Wewe mwenyewe? Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Jirani," akasema taratibu, "umempa."

Nilikuwa nalijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuna aliyekuwa akinifundisha jambo geni. Kitu ambacho mkwe amekiweka mlangoni pa mama mkwe kwa mikono yake hakiulizwi tena. Je, nilirudi Siongiroi kuuliza zile blanketi za wakati wa kuoa? Na sikuweka kikapu kitupu. Nilikiweka kikiwa na kazi yake, na mwenye kukilalia anajulikana.

"Labda hakuelewa hivyo," nikasema.

"Labda," jirani akasema, akavaa kofia. Hakutania tena siku hiyo, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Siku ya gari ilipofika, plasta ilikuwa imetolewa na mama alikuwa anaona hadi vijiti vya chai kule ng'ambo. Mimi nilisimama karibu na zizi, umbali wangu wa ng'ombe wawili. Nilijiambia: nikiona kikapu kinabebwa, nitasema. Neno moja tu. Nitasema kilikuwa cha kuazima.

Kikapu kikabebwa. Mke wangu akanijia na ujumbe, macho yake mekundu kidogo, kwa hiyo sikuweza kumshuku vizuri.

"Mama anashukuru sana. Anasema vitu vyote ulivyowahi kumpa vilichaguliwa na wajomba zako. Blanketi, sukari, hata ng'ombe. Hiki peke yake ndicho ulichokifikiria mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Neno la kuazima lilikuwa limefika kwenye ulimi, limekaa, linangoja.

"Mwambie mama," nikasema, "hapendi ugali wa jana."

Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi, kikapu ndani. Mbwa alisimama katikati ya njia, anageuza kichwa kwangu, kwa gari, kwangu. Mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo, "Kitandani." Akaruka. Mara ya kwanza! Mimi nilikuwa nasema mara nne na kutoa ugali. Wakati gari linapita kwenye chai nilikuwa bado nimeshika kipande mfukoni.

Tangu hapo nauliza habari za mbwa kupitia kwa binti mtu.

"Mama anasema analala kwa kitanda yake kila siku," mke wangu ananiambia akikata simu.

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Anasema ulimfunza vizuri."

Siamini. Namjua mwanafunzi wangu, na najua ubaridi wa sweta ile. Lakini Siongiroi siendi kukagua, na hata nikienda, nitakagua nini?

Juzi shemeji yangu, dada ya mke wangu, alituma picha kwa simu kuonyesha jinsi mama anavyoona vizuri siku hizi. Mama amekaa mlangoni kwake anachambua mboga. Kando yake kuna kikapu changu. Ndani ya kikapu, juu ya sweta yangu ya Form Four, kuku ameatamia, beji ya shule inachungulia chini ya bawa lake. Kuku akiatamia hainuki wiki tatu, usiku na mchana.

Nikaikuza picha kwa vidole. Nyuma ya mama mlango ulikuwa wazi, na ndani, gizani, ilionekana pembe ya blanketi, moja ya zile zilizochaguliwa na wajomba, na juu yake kitu cha rangi ya kahawia.

Hapo nikazima simu. Kule ndani ni chumba cha mama mkwe, na mkwe hachungulii.