Kushuka Ziwani Kutafuta Ndagala wa Mama

Niliondoka nyumbani Gihosha, mtaa wetu wa kilimani, kwa sababu mama alikuwa ameacha kula. Tangu mdogo wetu wa mwisho, Saidi, achukuliwe na watu wenye bunduki akiwa bado amevaa kaptula ya shule, mama alikuwa akigusa ugali na kuuacha. Asubuhi ile alitamani kitu: ndagala, dagaa wa ziwa letu, wabichi, wakubwa, wa maji marefu. Nikavaa viatu kabla hajabadili mawazo.

Chini ya kilima, kwenye kizuizi cha barabarani, askari alitaka kujua naenda wapi. Nikamwambia nafuata samaki. Akakagua kitambulisho changu mbele na nyuma, labda alidhani samaki wameandikwa humo.

Mtaa wa biashara wa Asiatique, maduka yalikuwa nusu wazi: mwenye duka anauza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mlango wa chuma. Ndagala waliokuwepo walikuwa wakavu, wazee kuliko vita. Nikapita.

Kinindo, mtaa wa kando ya ziwa, nyuma ya majumba yenye walinzi, nilimkuta binamu yangu Hamisi na wenzake wakikokota wavu ufukweni, jua la mchana likiwawakia. Nilishangaa. Ndagala ana ratiba yake: mchana huzama chini gizani kumkwepa mukeke, samaki mkubwa anayemla, usiku hupanda juu, na ndipo taa za wavuvi humvuta. Hutaga mayai mbali katikati ya ziwa. Vitoto husogea kando kukulia, vikikomaa hurudi maji marefu.

"Bamekataza usiku," Hamisi aliniambia. "Ati waasi banavuka ziwa. Chef alikuja hapa mwenyewe."

"Hukumwambia mchana ndagala wako chini?"

"Nilimwambia. Akasema samaki itazoea."

Chef huyo, mkuu wa askari, nasikia, alishuka kwenye gari lake, akalisomea ziwa amri kwa sauti kali, akaondoka. Usiku waasi waliendelea kuvuka, na ndagala waliendelea kupanda. Aliyetii ni Hamisi peke yake, kitandani kwake.

Wavu ulipotoka, ndani yake mlikuwa na vitu vyembamba kama sindano.

"Hamisi, hawa ni watoto."

"Mi najua. Na batoto yangu batakula nini? Chukua, pelekea shangazi."

Nikachukua, maana mikono mitupu ilikuwa mbaya zaidi.

Alasiri, njiani kurudi, askari yule yule alinusa mfuko wangu, akaridhika kwamba samaki hawana silaha. Nyumbani niliwapika mwenyewe kwa mawese na nyanya. Mama alimwinua mmoja kwa vidole, akamtazama sana.

"Nani alimutoa huyu, hajakomaa?"

"Ziwa limefungwa, mama. Wamechukua waliokuwa karibu."

Akamrudisha polepole, akaisukuma sahani upande wangu.

Mkiniuliza nilijifunza nini, nitasema chef alikosea kidogo tu. Ndagala hawakuzoea, tulizoea sisi. Nilikuwa nimetembea kutwa nzima na njaa inaniuma. Nikavuta sahani, nikawala wote, mama akinitazama.