Pete ya Mpira Shingoni

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Laini Saba, na Jumapili iliyopita nilijiaibisha mbele ya wakwe wa dada yangu hadi leo sipiti Kabiro wanakoishi.

Dada yangu, Akinyi, ana mtoto ambaye akipumua hulia kama filimbi. Mama mkwe wake alikuwa ameshaamua kwamba Akinyi alivunja mwiko akiwa na mimba. Lakini daktari alikuwa ametuchorea. Mtoto akiwa tumboni, mshipa mkuu unaotoka moyoni huanza na matao mawili, kushoto na kulia, kisha la kulia hupotea. La huyu lilikataa kupotea. Sasa yote mawili yamezunguka bomba la hewa kama pete, na anahitaji upasuaji.

Nikajiambia, hizi ni paipu tu, niachieni mimi. Pale ukweni, mbele ya wazee, nikaunga mpira wa maji ukawa pete, nikauvaa shingoni, nikaukaza kwa klipu na bisibisi.

"Mama, ona. Hapa mwiko uko wapi?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikanogewa, nikakaza zaidi ili wasikie ule mlio. Wakausikia. Kulegeza sasa, klipu imeisha meno, bisibisi inazunguka bure, na mimi nalia filimbi macho yamenitoka.

Shemeji akakimbilia kisu. Mama mkwe hakushtuka. Alinitazama, akamgeukia Akinyi.

"Na huyu kaka yako, mama yenu alivunja mwiko gani?"