Mpiga Chapa Aliyemfufua Chepke

Zeddy alikuwa na tabia ya kutia sahihi bila kusoma, na ndiyo iliyomponza. Usianze kumhurumia sasa hivi. Sikia kwanza alichomfanyia Wachuka, halafu ukiona bado anastahili huruma, mhurumie kwa wakati wako mwenyewe.

Wachuka alikuwa mpiga chapa kwa mzee Shantilal, mwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji nyuma ya soko la Nakuru. Taipu alijifunzia Njoro akiwa msichana, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mwandiko uliomshinda, hata wa madaktari. Kadi za harusi, programu za mazishi, vitabu vya risiti, na mwaka ule wa 2007 mabango ya wagombea waliokenua meno, vyote vilipita mikononi mwake kabla ya kwenda kwenye mashine. Hakuwa ameolewa na hakupenda kuulizwa. Alipanga nyumba ndogo Kiamunyi. Ukimkosea hakufoka. Alinyamaza tu na kuendelea kupiga taipu, na waliomjua walijua hapo ndipo pa kuogopa.

Miongoni mwa kazi zake kulikuwa na Usiku wa Menengai. Hivi vilikuwa vijitabu vya kurasa thelathini na mbili, vikiuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na mwandishi wake alikuwa huyo Zeddy, mwanamume wa mjini mwenye kofia ya rangi ya marun ambayo hakuivua hata kanisani. Shujaa wake aliitwa Stella Moto. Stella aliwinda majini waliotoka kwenye shimo la volkano la Menengai, juu ya mji, na kujifanya makarani, makondakta, hata diwani mmoja. Alivaa suruali ya ngozi juani na vumbini, na viatu vya kisigino kirefu, na akakimbia navyo juu ya mabati ya watu. Nywele hazikuwahi kutimka. Hakuwa na mama, wala dada, wala rafiki wa kike. Wanaume alikuwa nao wawili, inspekta na jini mmoja aliyetubu, na kila toleo walimgombania. Mwanamke mwingine yeyote akiingia kwenye hadithi, ujue ni mwenye wivu, au ni msaliti, au atakufa kabla ya ukurasa wa ishirini ili Stella apate sababu ya kukasirika.

Wachuka alipiga chapa matoleo sita huku akicheka peke yake. Siku moja alimuuliza Zeddy, "Huyu msichana akiumwa na tumbo humwambia nani?"

"Stella haugui, madam," Zeddy akajibu. "Msomaji hataki mgonjwa."

Basi hayo yalikuwa ya kuchekesha. Sasa njoo kwa yasiyochekesha.

Krismasi ile ya 2007 Wachuka alikwenda kwa mamake, huko juu ya Sachangwan, na matokeo ya kura yalipotangazwa akakwama huko. Kilichofuata, majirani kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila, unakijua, sitakirudia. Siku nyumba ya mamake ilipochomwa, jirani yao Chepkemboi aliwachukua wote wawili akawaingiza kwenye ghala lake la mahindi na kufunga kwa nje. Walikaa humo siku tano. Chakula aliwaletea ndani ya ndoo, juu amefunika na chakula cha kuku. Shemeji zake wenyewe walikuwa miongoni mwa waliopita nyumba kwa nyumba, naye aliwapikia chai wanaume hao hao hatua kumi kutoka ghalani, akiongea kwa sauti ya juu ili kikohozi cha mama mzee kisisikike. Siku ya sita alimfunga mama leso yake, akamfundisha salamu ya lugha yake ya kujibu akiulizwa njiani, akawatangulia mpaka barabara ya lami. Hakuwa na upanga wala suruali ya ngozi. Alikuwa na sweta ya kijani na pengo la jino la mbele, na magoti yalikuwa yakimtetemeka. Wachuka aliyaona kwa macho yake.

Mambo yalipotulia, mama, ambaye sasa aliishi kwa Wachuka pale Kiamunyi, alijaza kiondo chake sukari na majani chai na leso mpya, akampa Kipchirchir, dereva wa pikapu ya viazi, ampelekee Chepkemboi. Huku kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kiondo kilirudi kimejaa viazi. Kikapanda tena na unga, kikashuka na maziwa mala. Kila Alhamisi kilikuwa njiani, na mara nyingine Wachuka alitia ndani toleo la Stella Moto ili Chepkemboi acheke pia. Chepkemboi alijua vizuri nani anapiga chapa vile vijitabu.

Mwezi wa tano, stima ikiwa imepotea kiwandani na mashine zimenyamaza, Wachuka alimsimulia Zeddy habari ya ghala. Hakuwa amemsimulia mtu mwingine yeyote. Alilia kidogo. Zeddy akatoa kalamu yake nyekundu akaandika vijineno kwenye kiganja. "Pole sana, madam," akasema. "Noma sana." Neno hilo alilitumia kwa kila kitu, msiba na mpira.

Mwezi wa saba mama akalazwa na kifua, na Wachuka akaomba ruhusa wiki mbili akae naye hospitali. Unnati, binti wa mzee Shantilal aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, akamshikia kazi. Toleo la saba likapigwa chapa na Unnati, ambaye hakujua lolote. Wachuka aliliona likiwa tayari limejaa mjini. Akalinunua kama mteja mwingine, akaenda nalo nyumbani, na mama, ambaye hajui kusoma, akamwambia asome kwa sauti.

Lilikuwa na ghala la mahindi. Lilikuwa na mama mzee anayekohoa, na ndoo ya chakula cha kuku. Aliyewaficha na kuwaokoa alikuwa Stella Moto, peke yake, kwa mkono mmoja. Jirani pia alikuwemo, akiitwa Chepke, mwenye pengo na sweta ya kijani. Chepke aliwauza kwa majini wale waliofichwa, kwa bei ya mbuzi mmoja, kwa sababu aliuonea wivu urembo wa Stella. Ukurasa wa kumi na tisa Stella akamkata kichwa.

Mama aliweka kikombe chini. Chai yake ikapoa. "Amemuua Chepkemboi?" akauliza.

"Ni hadithi, mama."

"Ya nani?"

Wachuka alikifunga kijitabu, kwa sababu jibu alilijua. Maneno yalitoka mdomoni mwake, siku ile stima ilipopotea.

Alhamisi ile Kipchirchir alileta kiondo. Kilikuwa kitupu. Kimeoshwa, kimekunjwa, hakuna hata kiazi kimoja cha kuziba aibu. "Amesema hicho ni chenu," Kipchirchir akasema, akitazama pembeni. "Watoto shuleni wanamwita binti yake mtoto wa Chepke." Wachuka alimpigia Chepkemboi simu mara nne. Mara ya tano simu ilikuwa imezimwa. Sasa fikiria mwenyewe: kule kwake kuna waliomwita msaliti kwa kuwa aliwaficha, na huku mjini ameitwa msaliti kwamba aliwauza. Na kwa alivyojua yeye, aliyemwita hivyo ni mtu aliyekula kutoka kwenye ndoo yake.

Wachuka alimkabili Zeddy kiwandani. Alimwambia yote, hata la binti. Zeddy alicheka, tena cheko la mtu mwenye subira.

"Hadithi ni hadithi, madam. Na tuseme ukweli, mwanamke akiokoa mwanamke mwenzake, nani atanunua? Lazima kuwe na nyoka. Hilo toleo limeisha sokoni, unajua?"

"Andika toleo la nane umsafishe."

"Ameshakufa. Nitamsafisha vipi maiti?"

Wachuka akanyamaza, akarudi kwenye kompyuta yake. Jioni alimwambia mama alivyojibiwa. Mama alikuwa akimenya viazi vya mwisho vya Chepkemboi. Hakuinua kichwa. "Wewe ndiye unayepiga chapa," akasema. "Mfufue."

Kwa mzee Shantilal kulikuwa na sheria moja, aliyoirithi kwa baba yake: mwenye kazi hupewa kurasa za kusahihisha, zile walizoziita prufu, na hutia sahihi chini ya kila ukurasa. Akishatia, hakuna kurudi. Bibi harusi akitiwa jina la dada yake kwenye kadi na sahihi ipo, shauri lake. Zeddy naye alikuwa na fahari ya kijinga, kwamba mwandishi wa kweli hasomi alichokwisha kuandika. Aliutupia jicho ukurasa wa kwanza, kisha akatia sahihi zilizobaki huku anaongea na simu.

Toleo la nane lilipoletwa, Stella alikuwa ameshindwa kuchagua kati ya inspekta na jini, na kurasa mbili nzima alikuwa anaoga. Wachuka alipiga chapa ukurasa wa kwanza bila kugusa hata nukta. Kuanzia wa pili akauweka mwandiko wa Zeddy juu ya kiti, akaukalia, akaanza kuandika yake. Nisikufiche, alifurahia. Alikuwa na hasira ya miezi miwili na vidole vyepesi.

Chepke akafufuka. Kichwa kilichokatwa hakikuwa chake, kilikuwa cha jini aliyevaa sura yake. Chepke wa kweli alikuwa muda wote ghalani, na safari hii aliyefichwa humo pamoja na mama mzee alikuwa Stella Moto. Kisigino kilikatika ukurasa wa tatu. Suruali ya ngozi ilimchuna mapaja siku ya pili, ikapasuka siku ya tatu. Stella alisikia njaa, alisikia haja, aliogopa. Alitaka kutoka apigane, na Chepke akamwambia akae chini, awe na adabu, asiwauze watu kwa ushujaa wake. Chepke akawapikia majini chai. Siku ya sita akatangulia mbele, magoti yakimtetemeka, na Stella akamfuata pekupeku, ameshika mkono wa mama mzee.

Halafu Wachuka akamleta mwanamume mmoja mwenye kofia ya marun na kalamu nyekundu, aliyekuwa akizunguka Nakuru akisikiliza wanawake wanaolia, akisema "noma sana" huku akiandika kiganjani. Chepke alimfuata mpaka kwenye kibanda cha magazeti. Hakumkata kichwa. Alimgusa koo tu. Tangu siku hiyo, kila alipofungua mdomo yule mwanamume, ilitoka sauti ya bibi kizee anayekohoa, ikimtaja mmoja mmoja kila mwanamke aliyemwibia maneno. Akaagiza chai hotelini, bibi kizee akaongea. Akatongoza msichana, bibi kizee akaongea.

Zeddy alifika na simu sikioni. Akautazama ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi thelathini na mbili. Wachuka alimhesabia kurasa kwa upole, mmoja mmoja, asije akaruka hata mmoja.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi, toleo la nane likiwa vibandani, Zeddy hakukalika mjini. Kofia ile ya marun ilijulikana toka soko mpaka stendi. Popote Zeddy alipopita, watu walikohoa. Makondakta walikohoa, wauza nguo walikohoa, na mama mmoja wa mboga alimwita "bibi" akampa kiti. Alipoingia kiwandani alikuwa ameivua kofia kwa mara ya kwanza, na Wachuka aliona kwamba ana kipara.

"Mfukuze huyu mwanamke," akamwambia mzee Shantilal. "Ameniharibia jina."

Mzee Shantilal akafungua droo, akaweka zile prufu mezani. Akavaa miwani. "Hii sahihi ni ya nani?"

Zeddy akaikunja kofia mkononi.

"Na hii? Na hii?" Mzee alizipitia zote, bila haraka, mpaka ya mwisho. "Basi duka halina makosa. Nenda." Zeddy alipotoka, mzee akamgeukia Wachuka. "Ulibadilisha kazi ya mtu?"

"Nilibadilisha, mzee."

"Miaka kumi na mmoja, Wachuka."

"Najua."

Mzee alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akamwambia amalize mwezi, kisha aende, kwa sababu mteja akijua mpiga chapa anaandika yake, duka limekufa. Alisema kwa huzuni na Wachuka hakubishana. Unnati, aliyekuwa bado hajarudi chuo, alilia jikoni nyuma ya kiwanda. Wachuka alisafisha kibodi yake, akachukua nakala moja ya toleo la nane, akaitia kwenye kiondo pamoja na sukari na majani chai, akampa Kipchirchir.

Alhamisi ya kwanza kiondo hakikurudi. Ya pili, Wachuka akiwa hana kazi tena, alisimama sokoni kutwa nzima akitazama pikapu zikishusha magunia, na hakikurudi. Mama alianza kusema labda wamehama. Wachuka hakulala vizuri. Angeweza kuvumilia kukosa kazi. Kile kiondo kilichokunjwa hakuweza kukivumilia.

Alhamisi ya tatu Kipchirchir alikishusha kwa mikono miwili, maana kilikuwa kizito. Viazi, maziwa mala, kabichi, na juu kabisa kile kijitabu, kimejaa alama za vidole vyenye mafuta, pembe zimejikunja, dalili kwamba kimepita nyumba nyingi. Wachuka alishika mkanda wa kiondo, macho yakamlowa, na hakujifuta.

"Ameniagiza nikuulize kitu," Kipchirchir akasema. "Anasema amesoma mpaka mwisho, hajaelewa. Huyo mwandishi wa kofia, mbona ulimwacha hai?"

Ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda cha magazeti, Zeddy alikuwa amesimama kichwa wazi, na mtu nyuma yake alikuwa anakohoa.

"Mwambie nilimwacha hai," Wachuka akasema, "ili siku nyingine asome."