Koki Nilizozipaka Rangi ya Fedha

Sioni haja ya kujificha, maana ukienda Itumbe leo ukaulizia yule mwalimu aliyewalaumu wakulima wa majani chai kwa kupika chai moto, utaelekezwa moja kwa moja mpaka kwangu. Ndiye mimi. Naitwa Kwamboka, nafundisha katika chuo kimoja cha ufundi huku Kisii, na somo langu (cheka tu, nitakungoja umalize) ni kuwaeleza wanafunzi plastiki gani inafaa kazi gani, chuma gani kinafaa wapi, na kwa nini huwezi kuchukua tu kile kilicho karibu na mkono wako.

Rukia Salim ni rafiki yangu tangu tukiwa kidato cha kwanza. Kwao ni watu wa biashara hapo mjini, baba yake Mzee Salim ana duka la vyombo na nyuma ya duka ana karakana anayoyeyushia alumini na kuimimina kwenye mchanga kutengeneza sufuria, na Rukia mwenyewe hupikia watu kwenye shughuli, harusi, mikutano, matanga, popote panapohitaji chakula na chai. Alikuwa na mitungi minne mikubwa ya stili ya kuwekea chai, na shida yake ilikuwa zile koki za kufungulia, ukiweka kikombe zinatoa, ukiondoa kikombe zinaendelea kutoa, mpaka siku moja chai ikamdondokea mguuni mama mmoja anayemsaidia kugawa. Ndipo Rukia akaja kwangu.

"Kwamboka, wewe si ndiye wa mambo ya kuunda vitu? Niundie koki inayojifunga yenyewe mtu akiiachilia."

Nikaiunda, na nasema bila aibu (aibu iko mbele) kwamba ilikuwa koki nzuri. Niliichora kwenye kompyuta, kisha nikaitoa kwenye printa ya 3D ya chuo, ile mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama mbele yako, na uzi tuliokuwa nao ulikuwa wa rangi ya machungwa. Ya kwanza ilivuja, ya pili ikakwama, ya tatu nikaifunga kwenye ndoo jikoni kwangu, ukibonyeza maji yanatoka, ukiachilia yanakatika hapo hapo, hata tone moja hakuna. Nilibonyeza kama mara mia nikicheka peke yangu. Maji yalikuwa ya baridi.

Nikampelekea Mzee Salim. Akaigeuza, akachungulia ndani, akaigonga mezani.

"Umbo ni zuri, binti yangu," akasema. "Niachie niifanyie kalibu ya mchanga. Lakini koki si sufuria, hii ina vitundu vya ndani, lazima nichonge baada ya kumimina, na za kwanza zitaharibika. Nipe wiki mbili."

Sasa Rukia alikuwa na kazi Itumbe Jumamosi ya wiki ileile, siku ya wakulima, na alikuwa amenidokezea kwamba mwenyekiti wa kikundi chao anatafuta mtu wa kuwapikia mikutano yao yote ya mwaka. Njia zilikuwepo. Ningeweza kuagiza Nairobi plastiki inayostahimili moto, ila printa yetu haiiwezi. Ningeweza kumngoja Mzee, na Rukia akaenda Itumbe na koki zake za zamani zinazodondoka, kama alivyokwenda kila mahali miaka yote. Hakuna mtu aliyenikimbiza. Rukia hakunikimbiza. Ni mimi niliyeona umati wa watu na mwenyekiti, nikajiona na mimi nimesimama katikati yao nikisifiwa, nikarudi chuoni nikachapa koki nne za plastiki ileile.

Na nikazipaka rangi ya fedha. Hapa ndipo roho huniuma. Zingebaki za rangi ya machungwa, hata mtoto angeuliza hii ni nini. Baada ya rangi ziling'aa kama zimetoka karakana ya Mzee Salim, na nilipompelekea Rukia akazishika kwa mikono miwili.

"Mzee amemaliza haraka hivi?"

"Zimemalizika," nikasema.

Angalia hilo jibu. Sikusema ni Mzee, wala sikusema si Mzee, nikaliacha likae pale lifanye kazi yake, na nikamwona Rukia akiamini. Eti nilijiambia nitambadilishia baada ya wiki mbili na hatajua. Na ule uzi wa plastiki nilijua vizuri unalegea hata kabla chai haijachemka, naandika hivyo ubaoni kila muhula! Lakini nikajiambia chai inapita tu, haikai. (Inakaa. Mtungi mzima unakaa umeegemea koki.)

Jumamosi ikafika. Uwanja umejaa, mahema yamesimama, kuna baridi ile ya Itumbe inayokufanya utamani kushika kikombe hata kama huna kiu, na akina mama wanapika chai ya maziwa kwenye masufuria juu ya kuni. Hotuba zilipokaribia mwisho wakajaza mitungi. Vikombe vya kwanza vikatoka vizuri kabisa, bonyeza, achilia, bonyeza, achilia, na Rukia akanitazama kutoka upande wa pili wa meza akitabasamu. Nimeukumbuka huo uso mara nyingi sana.

Mwenyekiti akachukua kikombe chake, akaichezea ile koki, akafurahi, akaomba kipaza sauti. Akasema hiki kitu kimetengenezwa hapa hapa kwetu, na mwalimu mwenyewe yuko, mwalimu njoo utuonyeshe. Ningeweza kupunga mkono nikabaki kitini. Nikaenda. Tena nikapokea kipaza sauti, nikasema koki hii haivuji, ni imara, itadumu kuliko hata mtungi wenyewe, kisha nikaweka kikombe chini yake, nikabonyeza.

Mpini ukainama. Haukuvunjika, ungevunjika ingekuwa afadhali. Uliinama polepole kama mshumaa ulioachwa juani, na watu wa mbele wakaanza kucheka. Nikausukuma juu kwa kidole kama fundi anayejua anachofanya, na koki nzima ikazunguka kwenye tundu lake, ikachomoka, ikabaki mkononi mwangu, na chai ikaruka kwenye lile tundu ikatua kwenye viatu vya mwenyekiti. Nikaziba kwa kiganja, nikaungua, nikatoa kiganja. Na kipaza sauti kikiwa bado mkono wa kushoto, nikapiga kelele:

"Tatizo si koki! Tatizo ni chai, imekuwa moto sana!"

Mbele ya wakulima wa majani chai.

 Kisha nyanya mmoja aliyeketi mstari wa mbele akasema, "Yaya, yaya! Hapana, mwalimu! Kwani wewe kwenu mnainywa ikiwa namna gani?" na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, watu wanashikana mabega. Nami ningecheka nao, na leo ingekuwa hadithi nyingine, ila mtungi wa pili nao ukaanza, kisha wa tatu, na Rukia akaja mbio na sufuria kukinga. Mkondo mmoja ukamwagika juu ya mkono wake, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko.

Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akaushika mkono, kisha macho yake yakaangukia ile koki niliyokuwa nimeitupa kwenye nyasi. Rangi ilikuwa imebanduka kwa joto, na chini yake ile rangi ya machungwa ilionekana wazi.

"Ni plastiki?" akauliza. "Kwamboka, ulinipa plastiki?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa mkononi mwangu. Kila mtu alisikia swali, na kila mtu akasikia jibu langu.

"Ilikuwa sampuli tu."

Hakuna aliyecheka tena. Akina mama walimmwagia maji baridi, mtu mwenye gari akampeleka zahanati, na watu wa Itumbe siku hiyo wakala mandazi makavu katika ile baridi huku chai yao ikizama ardhini. Kazi ya mwaka ilipewa mpishi mwingine. Sikuhitaji kuambiwa.

Jumatatu nilikwenda dukani kwao. Mzee Salim alinikaribisha kiti kama kawaida, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifukuza. Akasema tu, "Ungeniuliza, ningekwambia tumieni zile za zamani." Rukia alikuwa nyuma ya kaunta, mkono umefungwa bandeji.

"Mkono utapona," akasema. "Nilikuuliza, Kwamboka. Nilikuuliza nikiwa nimekutazama machoni."

"Nisamehe."

"Ungesema ni plastiki ningekucheka, tungengoja wiki mbili, basi." Kisha mteja akaingia, naye akageuka kumhudumia.

Mzee alizimimina zile koki kutokana na sampuli yangu, nyingi zikaharibika kama alivyosema, nne zikatoka safi. Nilizikuta kwenye harusi huko Nyamarambe, zinafanya kazi vizuri kabisa, na Rukia mwenyewe akanipa kikombe. Kovu lake limebaki, jembamba, linapita chini ya bangili. "Karibu, mwalimu," akaniambia, kwa adabu, kama anavyowaambia wageni wengine. Miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kuniita mwalimu.

Siku hizi mtu akinijia na wazo namtolea sampuli kama kawaida, lakini siipaki kitu, na kabla hajauliza namwambia hii ni ya kushika na kutazama, ukiitumia itakuumiza. Wengine huondoka wamenuna, wanadhani sijui kazi. Waende. Nimeapa sitamjibu mtu tena kwa neno lililo kweli nusu, hasa mtu anayeniamini, maana huyo hatauliza mara ya pili.