Tulisafisha Migomba

Hadi leo kinyaa kinanipanda nikikumbuka tulivyojipongeza siku ile pale kijijini kwetu Kirushya.

Dada yangu mkubwa, mjane, alikuwa ameacha kupalilia. Kwetu nyumba imezungukwa na migomba, kwa hiyo mpita njia anakupima kwa majani yako: yakining'inia makavu, wewe mvivu, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamke aliyezoea kuamka kabla ya jogoo sasa analala mpaka adhuhuri, sahani yake inarudi jikoni ilivyo, na kanisani haimbi tena. Walisema anajiendekeza. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Basi tukakusanyika, ndugu na wanajumuiya, kwenda kumfutia aibu. Tulikata majani makavu, tukang'oa magugu, tukatandaza nyasi mashinani. Kisha tukakaa kivulini kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukisifiana. Mwenyewe alikuwa ndani, amegeukia ukutani. Jirani mmoja akachungulia mlangoni: "Dada, amuka sasa, shamba limependeza!" Tukacheka. Tuliondoka tukiamini kwamba migomba ikishapendeza, naye kapona. Wajinga wakubwa sisi.

Siku chache baadaye nilimpelekea chumvi. Nilimkuta ameketi kitandani na gauni lile lile, ananuka jasho. Nikamkaripia. Hakukasirika. Alisema taratibu tu, "Mdogo wangu, sijachoka jembe. Nimechoka kuishi."

Saa ile ile nikaita bodaboda, nikampakia katikati, nikamshikilia kiunoni mpaka hospitali.

Daktari, kijana mdogo tu, alimwamkia shikamoo, akavuta kiti karibu naye. Nilipomweleza aliyoyasema dada, kwanza alinigeukia mimi: huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, unatibika kwa dawa na kwa mazungumzo. Mtu akivurugikiwa usingizi, akakosa hamu ya chakula na furaha wiki mbili mfululizo, mleteni. Akitaja kufa, asilale nyumbani, mleteni siku hiyo hiyo. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili.

Kisha akamuuliza dada kama amewahi kufikiria kujiua.

"Kila siku," dada akajibu.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tupande maharage."

Maharage hayo tulikuwa tumeshayavuna. Ya kwake niliyavuna mimi, mita chache kutoka dirishani pake, huku namsimanga ili asikie.